Marumaru ya Dukani na Mawe ya Mbalibali

Neno "marumaru" limehama nyumba yake katika Kiswahili cha Tanzania, na sidhani kama tumewahi kusimama kuuliza limekwenda wapi. Kamusi zetu hulieleza kuwa ni jiwe gumu lenye mishipa ya rangi, linalong'aa likisuguliwa, ambalo hutumika kujengea na kupambia. Lakini mwenye nyumba wa Kimara au wa Buzuruga akikuambia kwamba chumba chake kina marumaru, hakusudii jiwe. Anakusudia vigae: udongo uliofinyangwa kwa mashine, ukachomwa kiwandani, kisha ukachapwa juu yake picha ya jiwe. Tumelichukua jina la jiwe tukaipa picha yake. Jiwe lenyewe tumeliacha porini, na likitajwa tunaliita "mawe" tu, kana kwamba yote ni ya kufukuzia mbwa.

Laiti jambo hili lingekuwa la lugha peke yake, ningewaachia wenzangu wa isimu. Kwa bahati mbaya ni jambo la bajeti. Mwaka 2021 nchi yetu ilipopata mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, yalijengwa madarasa 15,000 kwa mkupuo mmoja, kila moja likitengewa Sh milioni 20. Kabla ya hapo na baada yake tumejenga zahanati, vituo vya afya, nyumba za walimu na ofisi za kata kwa wingi ambao baba zetu hawakuuona. Katika ujenzi huu wote, "kuweka marumaru" kumekuwa muhuri wa ukamilifu. Kiongozi akija kukagua, hutazama chini kwanza. Sakafu ikimrudishia kivuli chake, huondoka ameridhika.

Hoja ninayoileta ni kwamba katika mkoa wa Mara, na hasa katika sehemu kama Mbalibali, muhuri huo hauna mashiko ya kiuchumi wala ya kiufundi. Mahali ambapo mwamba uko hatua chache kutoka kwenye msingi wa jengo, kuta za nje za majengo ya umma zingevishwa jiwe la asili, na varanda, ngazi, njia na viwanja vyake vingesakafiwa kwa jiwe hilohilo, likiachiwa uso wake wa kukwaruza badala ya kung'arishwa. Faida yake ya kwanza isingekuwa uzuri. Ingekuwa fedha inayobaki kijijini.

Kwanza nimtoe wasiwasi msomaji asiyelijua jina hilo. Mbalibali si kosa la uchapaji. Wanafunzi wangu wameshanisahihisha mara kadhaa kwa kuongeza herufi ili lisomeke "mbalimbali", na programu ya kompyuta inayosahihisha tahajia huwaunga mkono. Ni mahali, kule Mara, katika ukanda wa Tarime na Serengeti, upande wa magharibi wa hifadhi ambayo dunia nzima inaifahamu kwa nyumbu na simba. Watu wa huko hawatokei katika picha za watalii. Wanalima, wanafuga, na baadhi yao wanagonga kokoto.

Pili, niseme wazi kwamba jiwe la Mara kwa sehemu kubwa si marumaru. Marumaru ya kweli ni mawe ya chokaa yaliyopikwa na joto na mgandamizo wa ardhi kwa muda mrefu mno, na hapa nchini yanapatikana zaidi katika ukanda wa miamba unaopita upande wa mashariki, kama vile Morogoro. Ni ndani ya marumaru hizo za Uluguru na Mahenge ndimo yanamotoka yakuti na spineli zetu nyekundu zinazosakwa na masonara wa dunia. Mara imekaa juu ya mwamba mwingine kabisa, mkongwe zaidi, sehemu ya ule msingi wa kale unaoshikilia katikati ya nchi hadi Ziwa Victoria. Huko utakuta matale, ambayo mafundi wengi huyaita granaiti, pamoja na miamba ya kijani iliyokoza ambayo ndani yake ndimo mlimo na dhahabu ya Nyamongo. Kwa hiyo anayetaka marumaru Mbalibali anaiagiza. Anayetaka jiwe, hainami hata mara mbili.

Je, matale ni jiwe la hadhi ya chini kuliko marumaru? Wako wanaodhani hivyo, na ndiyo sababu ya kuleta mifano miwili ya mbali. Mwaka 1971 kilifunguliwa jijini Helsinki ukumbi wa Finlandia, kazi ya msanifu Alvar Aalto, ukiwa umevishwa bamba nyembamba za marumaru nyeupe ya Carrara kutoka Italia. Baridi na joto vilipopishana miaka nenda miaka rudi, bamba zile zilianza kujikunja kama karatasi iliyonyeshewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikang'olewa na kuwekwa marumaru nyingine ya Carrara, kwa sababu watu wa mji ule walikuwa wameshaupenda weupe wake. Nayo ikajikunja. Kule Chicago, jengo refu la kampuni ya mafuta ya Amoco lililokamilika miaka ya mwanzo ya 1970 lilivishwa bamba zipatazo 43,000 za marumaru hiyohiyo. Hazikutimiza miaka ishirini. Kati ya 1990 na 1992 ziliondolewa zote kwa gharama ya mamilioni ya dola, na kilichowekwa mahali pake kilikuwa granaiti nyeupe. Yaani matajiri wa Chicago walilipa mara mbili ili kufika kwenye jamii ya jiwe ambalo mtoto wa Mbalibali hukaa juu yake akichunga mbuzi.

Sababu ya kitaalamu haina uchawi. Marumaru ni kalisi, jiwe linaloshambuliwa na asidi yoyote: ndimu, siki, hata ile dawa ya kusafishia vyoo ambayo wahudumu wetu huimwaga bila kipimo. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs marumaru iko karibu na 3, wakati matale yako kati ya 6 na 7. Marumaru iliyochongwa kwa uso wa kukwaruza na kuwekwa nene bado ni kitu cha kuheshimika katika kuta na baraza, na anayejenga Morogoro aitumie bila kunisikiliza mimi. Ninachokataa ni mtu wa Mara kuambiwa kwamba ukamilifu wa jengo lake unapimwa kwa jiwe asilokuwa nalo, au kwa picha ya jiwe hilo.

Uso wa kukwaruza unahitaji neno zaidi, kwa sababu hapo ndipo penye tofauti kati ya pambo na usalama. Jiwe linaweza kupasuliwa likaachwa na mpasuko wake wa asili. Linaweza kugongwagongwa kwa nyundo yenye meno hadi uso wake uwe na vidoti vidogo. Matale yanaweza hata kupitishiwa moto mkali kwa muda mfupi ili punje za juu ziruke na kuacha uso mkavu. Katika hali zote hizo mguu wenye maji au tope hushika. Vigae vinavyong'aa havishiki. Nimewahi kukaa katika varanda ya zahanati moja, ambayo jina lake naliacha, siku ya mvua, siku ya kliniki, nikawatazama akina mama wajawazito wakivua kandambili na kutembea peku kwa kuambaa ukuta kama wanaovuka mto. Mhudumu alikuwa ametandika maboksi yaliyochanwa kutoka mlangoni hadi kwenye benchi. Maboksi yale ndiyo yaliyokuwa sakafu halisi ya zahanati ile. Vigae vilikuwa vya mgeni rasmi.

Kuhusu nguvu ya jiwe lisilosuguliwa wala kutiwa saruji, hatuhitaji kwenda Chicago. Vuka mpaka wa Sirari uingie Kenya, kaunti ya Migori, utaukuta Thimlich Ohinga. Ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, kuta zenye unene wa takriban meta moja na kimo kinachofika meta nne na zaidi mahali pengine, yanayokadiriwa kuanza kujengwa karne ya 16. UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Waliyoyajenga hawakuwa na mhandisi wa halmashauri. Walikuwa na jicho la kujua jiwe lipi linakaa juu ya lipi, na jirani aliyekubali kulibeba. Pwani nako, Kilwa na Songo Mnara zilisimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa yake, na Kilwa ile ikapiga sarafu zake yenyewe. Tabia ya kuona hadhi katika sakafu iliyovuka bahari ilikuwapo pia, tena zamani: Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib pale Unguja mwaka 1883, sakafu zake za marumaru ziliagizwa kutoka Ulaya. Lakini yeye alikuwa sultani, akitumia fedha za karafuu na ushuru wa bandari. Halmashauri ya wilaya haina karafuu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mazeras, nje kidogo ya Mombasa. Hapo kuna mawe ya mchanga ambayo Wakenya huyapasua vipande na kuvisha kuta za nyumba, uzio, ngazi na njia za bustani, kutoka Pwani hadi Nairobi. Mnunuzi haombi "mawe ya mchanga". Anaomba "mazeras", kama mtu anavyoomba Carrara. Jina la kijiji limekuwa jina la bidhaa, na bidhaa yenye jina haiuzwi kwa bei ya isiyo na jina. Sisi tuna mamia ya vilima vya mawe kuanzia Mwanza hadi Mugumu na hatuna hata kimoja ambacho fundi wa Dodoma anaweza kukitaja dukani.

Tunachofanya badala yake ni kuligeuza jiwe kokoto. Katika ukanda ule nilimkuta mama mmoja amekaa chini ya kivuli cha turubai, nyundo mkononi, mpira wa baiskeli umezungushwa kwenye jiwe ili lisimtoroke anapoligonga. Nilimwamkia, nikaanza maswali yangu ya kitafiti: ndoo ngapi kwa siku, nani anakuja kununua, bei inapangwa na nani. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, akaniuliza, "Mwanangu, unanunua au unauliza tu?" Nilikuwa nauliza tu. Hata hivyo alinijibu. Mwenye gari ndiye anayepanga bei. Mwamba ule mkubwa ulio nyuma yake vijana waliuchoma kwa magurudumu chakavu usiku kucha, asubuhi wakaumwagia maji na kuupiga kwa nyundo nzito mpaka ukapasuka.

Mtu wa mawe akiyasikia maelezo hayo huumwa kichwa. Moto wa namna ile hutia nyufa ndogondogo ndani ya jiwe lote, hata sehemu inayoonekana nzima. Kwa kokoto haidhuru. Kwa jiwe la kuvisha ukuta ni hasara tupu, kwa kuwa maji yataingia humo na uso utamomonyoka. Njia ya kulipasua jiwe likabaki na thamani yake ni ya kale na ya bei nafuu: mashimo madogo yanatobolewa kwa mstari kwa kutumia tindo, kabari za chuma zinapangwa ndani, kisha zinagongwa moja baada ya nyingine, kwa zamu, hadi jiwe lifunguke lenyewe kufuata mstari. Halina moshi wa mipira, halina kelele za baruti. Linahitaji mtu aliyefundishwa kwa miezi michache na vyuma ambavyo mhunzi yeyote wa Tarime anaweza kuvifua.

Wanaharakati wanaosoma ukurasa huu watakumbuka mwaka 2017, tulipopigana vita ya makinikia. Makontena 277 yalizuiliwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili zikaundwa, Bunge likapitisha sheria za kulinda maliasili kwa hati ya dharura, na tukaapa kwamba mali ghafi haitaondoka tena bila kuongezewa thamani. Sikatai hata neno moja la kiapo kile. Nashangaa tu kwamba hakikuvuka geti la mgodi wa dhahabu. Mwamba ambao ungevisha uso wa shule ya sekondari kwa miaka mia moja tunausaga kuwa kokoto na kuuza kwa ndoo. Hayo ni makinikia yetu wenyewe, na hakuna mzungu wa kumlaumu. Dhahabu ya North Mara sasa ina Twiga, kampuni ambayo Serikali ina hisa za asilimia 16. Wana wa Nyamongo wao wamegombania magwangala, mabaki ya mawe yanayomwagwa baada ya wenye mashine kumaliza. Jiwe la kujengea halina Twiga wala magwangala. Halina hata mgomvi, na labda ndiyo sababu halina sera.

Sasa tufanye hesabu ambayo mhandisi yeyote anaweza kuikagua. Chukua jengo la madarasa mawili lenye urefu wa meta 18 na upana wa meta 8. Mzunguko wake ni meta 52. Tukiacha milango, tuseme tunavisha meta 50 kwa kimo cha meta moja kutoka ardhini, pale ambapo matone ya mvua hurusha udongo mwekundu na kuila plasta mwaka hadi mwaka. Ni meta za mraba 50. Kwa jiwe lenye unene wa sentimeta 10 tunahitaji meta za ujazo 5 za jiwe lililochongwa. Tukubali kwamba nusu ya kila mwamba itapotea katika kuchonga. Basi tunahitaji meta za ujazo 10, ambazo kwa matale ni karibu tani 27, yaani safari nne za lori la tani saba. Na ile nusu iliyopotea haikupotea. Ni kokoto ya zege la jengo hilohilo.

Upande wa pili wa hesabu uko barabarani. Viwanda vyetu vikubwa vya vigae viko Mkuranga na Chalinze, mkoani Pwani. Kutoka huko hadi Mugumu ni zaidi ya kilometa elfu moja, na kila boksi linalovunjika njiani hulipiwa na mlipakodi. Sina ugomvi na viwanda hivyo. Vinaajiri Watanzania na vimepunguza uagizaji kutoka nje, na ndani ya wodi au maabara, mahali panapopaswa kuoshwa kwa dawa kila siku, kigae kina kazi ambayo jiwe la kukwaruza haliiwezi. Uchafu hujificha katika vishimo vyake. Ugomvi wangu ni na mchoro mmoja unaotumwa nchi nzima, kutoka Kibiti mpaka Kakonko, kana kwamba ardhi chini ya majengo yetu ni moja.

Serikali yenyewe imeshaonyesha kwamba inaweza kufikiri vinginevyo. TARURA, iliyoanzishwa 2017, imejenga madaraja ya mawe, hasa Kigoma, na maofisa wake wameeleza hadharani kwamba gharama hushuka kwa kiasi kikubwa ukilinganisha na zege na nondo. Mwanza ina barabara za mawe zinazopanda vilimani, mahali ambapo lami isingedumu misimu miwili ya mvua. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: kuanzia katikati ya miaka ya 2000, kwa msaada wa Wajerumani, miji yake ilianza kusakafu mitaa kwa mawe yaliyochongwa kwa mkono, vijana wakapewa mafunzo mafupi, wakaunda vikundi, na halmashauri za miji zikawa mnunuzi wao. Neno la kushika hapo ni mnunuzi. Ufundi ulifuata oda. Sisi tumezoea kuanza na semina ya ujasiriamali, tukagawa vyeti, kisha tukamwachia kijana atafute soko la kitu ambacho Serikali yenyewe hainunui.

Vifaa vya kisheria vipo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake zinaitaka taasisi ya umma itenge asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Utaratibu wa kujenga kwa mafundi wa kawaida chini ya kamati za wananchi tumeutumia kwa maelfu ya madarasa. Kikundi cha wachonga mawe kingeweza kukopa tindo na kabari kwa dirisha moja na kuuza mawe kwa dirisha la pili, ndani ya ofisi ileile.

Kikwazo kigumu zaidi kiko kwenye umiliki, na hapa nawaomba wanafunzi wa sheria wasisinzie. Chini ya Sheria ya Madini, madini yote ni mali ya Jamhuri, yamekabidhiwa kwa Rais ayashike kwa niaba ya wananchi, na tafsiri ya madini inajumuisha mawe ya kujengea. Mkulima wa Mbalibali anamiliki mahindi yaliyo juu ya mwamba, haumiliki mwamba. Ili auze jiwe kihalali anahitaji leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo ni haki ya raia wa Tanzania, na mrabaha wa vifaa vya ujenzi ni asilimia 3. Mrabaha huo huenda Hazina. Halmashauri hubaki na ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo. Kijiji chenyewe, ambacho kitabaki na shimo, hakitajwi katika mgawo.

Ndiyo maana naogopa siku jiwe la Mara litakapopata jina sokoni kabla wenyeji hawajapata leseni. Tumeiona sura hiyo Karamoja, Uganda, ambako uchimbaji, ukiwamo wa marumaru ya Moroto, uliingia katika ardhi ya wafugaji. Mwaka 2014 Human Rights Watch ilieleza jinsi kampuni zilivyoanza kazi huko bila kwanza kupata ridhaa ya kweli ya wenye ardhi. Mtu wa mjini mwenye wakili na gari zuri huweza kuomba leseni juu ya vilima vitatu kwa asubuhi moja. Mzee wa kijiji atajua siku lori linapokuja. Kwa hiyo mpangilio una maana: leseni za vikundi vya vijiji kwanza, matangazo baadaye. Ofisa madini anayesoma hapa anaweza kulianza jambo hilo bila kusubiri sheria mpya.

Kuna mambo mengine ambayo mtetezi wa mawe hana budi kuyasema kabla hajasemewa. Vumbi la matale lina silika, na silika huua mapafu polepole, bila kelele. Kuchonga kwa maji, kukaa upande unakotoka upepo na kuvaa barakoa halisi si anasa, na mkataba usioviweka katika gharama ni mkataba wa kuua. Watoto wa shule hawana nafasi katika machimbo, hata kama "wanamsaidia mama" siku za Jumamosi. Ardhi ya wilaya ya Serengeti kwa sehemu kubwa imo ndani ya hifadhi na mapori ya akiba, na mapitio ya wanyama hayaishii kwenye vibao. Machimbo yakae mbali na mapitio hayo. Tena si kila jiwe ni la kuchongwa. Wakurya, Wangoreme, Waikoma na jirani zao wana miamba yenye majina, ya matambiko, ya mikutano ya wazee, na mingine ya chemchemi. Mkutano mkuu wa kijiji uitaje hiyo kwa majina na kuiandika kabla kabari ya kwanza haijagongwa. Sidhani kama orodha hiyo itakuwa ndefu. Nadhani itakuwa na ubishi.

Rafiki yangu mhandisi aliyeisoma rasimu ya makala haya alinijia na pingamizi moja tu: "Dokta, mkaguzi akija atauliza kwa nini hatukufuata mchoro." Ni pingamizi la kweli, na nafikiri lina uzito kuliko mengine yote niliyoyajibu hapo juu. Mtumishi wa umma haadhibiwi kwa kuagiza vigae kutoka mbali, ana risiti. Anaweza kuadhibiwa kwa kununua mawe kutoka kwa kikundi cha akina mama, hata kama ameokoa fedha, kwa sababu hakuna mstari wa mchanganuo wa gharama unaomruhusu. Basi mstari huo uandikwe, na mwenye kalamu ya kuuandika yuko wizarani, kwenye michoro ya mfano inayoshushwa mikoani. Madiwani nao huanza kupitia makadirio ya mwaka unaofuata kabla Bunge la bajeti halijakaa, hivyo swali linaweza kuulizwa katika kikao cha robo hii. Panaposomeka "vigae vya sakafu, varanda na ngazi", napendekeza pasomeke hivi: "Jiwe la asili kutoka ndani ya wilaya, lililopasuliwa kwa kabari, uso wa kukwaruza, unene usiopungua sentimeta 5 sakafuni na 10 ukutani, linunuliwe kwa kikundi chenye leseni, vigae vitumike tu pale ambapo jiwe linalofaa halipatikani au usafi wa kitabibu unahitaji."

Ni maneno yapatayo arobaini. Mhandisi rafiki yangu ameniambia kwamba akiyakuta kwenye mchoro wenye muhuri, atayafuata.